Binti atamwambia nani?
Mwandishi wa makala ninayoijibu anasema azimio la Bunge la Marekani la mwaka 2010, lililoifanya Februari nzima kuwa mwezi wa kupinga ukatili kwenye mapenzi ya vijana, ni karatasi tu kwa kuwa halina adhabu. Hapo simuungi mkono. Nafundisha sekondari huku Ilemela, Mwanza, na kinachotushinda si uhaba wa sheria: Dawati la Jinsia na Watoto lipo polisi, simu 116 ya msaada kwa watoto ni bure. Lakini binti akizabwa kofi na "mtu wake" kwa kuchelewa kujibu meseji, anamwambia nani? Nyumbani atachapwa kwanza kwa kuwa na mpenzi, shuleni ataitiwa mzazi. Marafiki zake watamwambia anapendwa, ndiyo maana anaonewa wivu (upuuzi ambao hata watu wazima pale sokoni Mwaloni wanauamini). Mwezi kama huo, ukitajwa na Bunge letu, ungempa mwalimu sababu ya kulisema jambo hili kwenye paredi bila kuambiwa anafundisha umalaya. Siku 16 za kupinga ukatili tunazo, ila zinaanza 25 Novemba, shule zikikaribia kufunga, na hotuba ninazozisikia ni za wanandoa. Wazazi wa Mwanza, binti yako akirudi na jicho limevimba, utamuuliza nini kwanza?