Spishi mpya, sawa, lakini antioksidanti?

Mwaka 2015 watafiti nchini Malaysia walimtangaza bakteria wa udongo wa mikoko ya Tanjung Lumpur, jimbo la Pahang: Streptomyces mangrovisoli. Tangazo lilibeba madai mawili, kwamba spishi ni mpya na kwamba dondoo yake ina antioksidanti, yaani kemikali zinazozuia madhara ya oksidisho. Mengi ya aina hii husomwa kama dai moja, ilhali uzito wake haulingani.

Upya una kanuni kali. Jeni ya 16S rRNA, inayotumika kupanga bakteria kwa ujamaa, ikifanana na ya jamaa wa karibu kwa chini ya asilimia 98.7, dalili ni nzuri. Kwa Streptomyces hiyo haitoshi, kwani spishi mbili tofauti huweza kufanana kwa zaidi ya 99. Hapo hulinganishwa jenomu nzima, yaani DNA yote ya kiumbe: wastani wa kufanana uwe chini ya asilimia 95 au 96. Kisha bakteria hai huwekwa katika hifadhi mbili, nchi mbili tofauti, la sivyo jina halitambuliki rasmi. Mwenye shaka anaagiza, anaotesha, anapima mwenyewe.

Dai la antioksidanti mara nyingi husimama juu ya DPPH, kemikali ya zambarau inayogeuka njano ikipokea elektroni kutoka kwa antioksidanti. Unachanganya na dondoo, unaacha gizani dakika 30, unasoma mwanga wa nanomita 517. Ni rahisi na nafuu, na kama chekeche la kupitisha mamia ya bakteria sina ugomvi nacho.

Ugomvi uko kwenye mchuzi wa kuoteshea. Dondoo ya hamira na peptoni (protini iliyovunjwa vipande), chakula cha bakteria ndani ya mchuzi huo, zenyewe hufifisha DPPH. Tena kiwanja kilichotajwa kule Malaysia ni pete ya glisini na prolini, asidi amino mbili, na pete za namna hiyo huweza kujiunda protini inapopashwa moto, hata wakati wa kuua vijidudu kwa mvuke wa 121°C. Rangi nayo husumbua: Streptomyces wengi hutoa rangi, na dondoo nyekundu hunyonya mwanga uleule, hivyo nguvu yake huonekana ndogo kuliko ilivyo.

Watetezi husema tope la mikoko, lenye chumvi na kupwa na kujaa kila siku, humlazimu kiumbe kujikinga. Kweli, ila hoja hiyo inaonyesha pa kutafuta tu. Asilimia bila ukolezi nayo haisemi kitu: kufifisha asilimia 40 ya DPPH kwa miligramu 2 za dondoo kwa mililita ni dhaifu, wakati vitamini C hufika nusu kwa mikrogramu chache kwa mililita.

Atakayechota tope la Rufiji au Lamu aandae chupa tatu zenye bakteria na tatu za mchuzi mtupu, zote zipite mvuke, ukaushaji na methanoli ileile ya kutolea dondoo. Kila dondoo isomwe pia bila DPPH, ili rangi yake itolewe kwenye hesabu.