Kipara cha Mwanamke Hakina Jordan

Mimi nina kipara, na heri niseme mapema ili msomaji ajue anazungumza na nani. Nywele zilianza kunihama kwenye panja nikiwa na miaka 29, za utosini zikafuata, na kabla sijatimiza 35 nilikwenda kwa kinyozi wangu pale Umoja nikamwambia amalize kazi. Alininyoa Jordan, yaani kichwa kizima bila kuacha unywele. Dakika 15, shilingi 150, nikatoka nje jua likanipiga utosini, basi. Watoto wa ploti waliimba "kipara ngoto" kwa siku mbili, wakachoka.

Kwa hiyo kila gumzo la kupandikiza nywele linapozuka, na hapa Nairobi siku hizi mwezi haupiti bila kuzuka, nimekuwa nikikaa upande wa wanaocheka. Mwanamume mzima anapanda ndege hadi Istanbul, anarudi na kichwa kilichojaa vidoa vyekundu kama aliyelalia siafu, na yote hayo ni nywele?

Upande wetu una hoja, tena nzito. Upandikizaji hauongezi nywele hata moja, huzihamisha tu. Tangu daktari Norman Orentreich wa New York alipohamisha nywele za kisogoni na kuzipanda kwenye upara mwaka 1952, kanuni haijabadilika: homoni ya DHT, inayozinyausha nywele za mbele na za utosini, haiziwezi za kisogoni, na hizo zikihamishwa huendelea na tabia ya kule zilikotoka. Lakini kisogo ni ghala lisilojazwa tena. Kijana wa miaka 24 anayepanda mstari wa mbele leo anaweza kufika 40 akiwa na kisiwa cha nywele mbele na ziwa la upara nyuma yake, wakati ghala limebaki tupu. Ndiyo maana madaktari makini humtaka ameze finasteridi, dawa iliyoidhinishwa Marekani kwa upara wa wanaume mwaka 1997, ili zilizobaki zisifuate wenzake. Dawa hiyo humezwa kila siku, na ukiiacha, nywele ilizokuwa ikizishikilia nazo zinakuacha. Ongeza laki kadhaa za malipo, muda wa saa sita hadi nane kitini baada ya sindano za ganzi, na jambo ambalo matangazo hulipitia haraka: nywele zilizopandwa hupukutika karibu zote wiki chache baadaye, kisha huota upya polepole, mpaka mwaka upite ndipo mtu aone alicholipia.

Nami hulipa 150 kila wiki mbili, yaani 3,900 kwa mwaka. Kwa bei ya upandikizaji mmoja ningenyolewa hadi kinyozi mwenyewe astaafu. Tena upara wa mwanamume una heshima yake. Hapa kwetu mwenye kipara hudhaniwa ana pesa, dhana isiyo na ubaya, ingawa kule Msumbiji mwaka 2017 polisi walilazimika kuwaonya wanaume wenye vipara kwamba wanawindwa na watu walioamini vichwa vyao vina dhahabu. (Nilisoma habari hiyo nikavaa kofia wiki nzima.)

Hata hivyo hoja yetu ina tundu, hata kwa wanaume. Kunyoa chini kabisa, kwa mwenye nywele za kipilipili, mara nyingi huchochea vipele vya kisogoni, na kwa wengine vipele hivyo hugeuka makovu magumu yasiyoota kitu. Kila kinyozi wa mtaani ana mteja wa namna hiyo, anayeomba mashine isiguse nyuma. Mtu huyo akiambiwa "nyoa tu, ukubali," anaambiwa akubali vidonda.

Lakini si yeye aliyenifanya niandike.

Dada yangu mkubwa ni mwalimu wa shule ya msingi huku Eastlands. Alipomaliza sekondari na kuachana na sheria ya nywele fupi, alianza kusukwa, na hajapumzika tangu hapo: matuta, kisha dawa ya kulainisha nywele, kisha nywele za bandia za kushonewa, kisha matuta tena. Mwanamke wa Nairobi anaijua njia hiyo. Inapita Kenyatta Market, ambako unakaa kwenye kigoda na wasusi wawili wanakushukia, mmoja kila upande, wakivuta hadi nyusi zinapanda. Ukilalamika unaambiwa uvumilie, kesho zitalegea. Usiku unameza Panadol, unalala kifudifudi. Dada yangu alifanya hivyo kwa zaidi ya miaka 25, na sasa nywele zake za mbele zimeondoka, kuanzia juu ya sikio hili hadi juu ya sikio lile, upana wa vidole vitatu. Ngozi ya hapo ni laini kama ya kiganja. Havui kitambaa hata akiwa nyumbani kwake.

Siku aliyonionyesha nilimwambia, kwa nia njema kabisa, "Dada, si unyoe tu? Mimi si nilinyoa?"

Akaniangalia kwa muda. "Wewe ukinyoa, ndugu yangu, unaulizwa kinyozi wako ni nani. Mimi nikinyoa nitaulizwa nimefiwa na nani."

Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Niliporudi nyumbani nilianza kusoma, nikakutana na takwimu ambayo haijanitoka kichwani. Mwaka 2007 Profesa Nonhlanhla Khumalo na wenzake wa Cape Town walichapisha utafiti walioufanya kwa kuwakagua vichwa watu wazima Waafrika 874. Walitafuta, pamoja na maradhi mengine, upara wa kuvutwa, ule unaotokana na nywele kubanwa na kukazwa muda mrefu. Kwa wanaume waliupata kwa asilimia 2.3. Kwa wanawake, asilimia 31.7.

Tuitafune kidogo namba hiyo. Cape Town si Nairobi, sawa, lakini matuta ni yale yale, dawa ni zile zile, na mikono ya msusi haina huruma zaidi huku kuliko kule. Chukua matatu ya abiria 33 ya kwenda Embakasi, uijaze wanawake watupu. Kwa kiwango hicho kumi kati yao wana sehemu ya kichwa wanayoificha. Kumi! Na wewe uliyesimama stejini huoni hata mmoja, kwa sababu wigi, kitambaa na nywele za kushonewa zimefanya kazi yake, na mara nyingi hicho kinachoficha upara ndicho kinachoendelea kuuchimba. Ukipita Dubois Road utaona maduka yaliyopangana yakiuza vya kufichia. Sasa jiulize mjadala wetu wa kupandikiza nywele huwa unamhusu nani. Mwanasoka. Msanii wa kiume. Wayne Rooney, aliyepandikiza mwaka 2011 akiwa na miaka 25 na kuutangazia ulimwengu mwenyewe. Tumejadili muda wote kundi lenye njia rahisi ya kutokea, kisha jibu la kundi hilo, "nyoa, songa mbele," tukawapa wote kama dawa ya minyoo.

Juu ya hapo tunawalaumu wanawake. Upara wangu nilirithi, hakuna anayenishutumu. Wa dada yangu "alijitakia." Ni kweli kwamba kuvutwa ndiko kulikozing'oa. Ila mwalimu mkuu aliyemwambia aje kazini "nadhifu" hakumaanisha nywele zake zilivyoota. Kamati za harusi alizokaa hazikumaanisha hivyo pia. Isitoshe, si kila kipara cha mwanamke kimetokana na msusi. Upo ugonjwa mwingine unaoanzia utosini na kupanuka kama duara, ukiacha kovu, na uliozoeleka zaidi kwa wanawake wenye asili ya Afrika. Kwa miaka mingi ulisingiziwa vitana vya moto na dawa za kulainisha. Mwaka 2019 watafiti wakaonyesha kwamba baadhi ya wenye ugonjwa huo wana hitilafu katika jeni iitwayo PADI3. Walizaliwa nayo, na bado saluni ziliwafundisha kujilaumu.

Kuna jibu la upande wa pili ambalo siwezi kuliruka, maana ni zuri kuliko langu. Kajiado si mbali na hapa, na huko mwanamke wa Kimaasai kwa mila hunyoa kichwa chote, akakivika shanga, na upara wake ndio urembo wake. Aliyefuga nywele ndefu za kupaka ngeu ni moran, mpaka siku mama yake atakapomnyoa. Kwa hiyo upara haujawahi kuwa aibu kwa asili yake. Hata hapa mjini wapo wasichana wanaokaa kwenye kiti cha kinyozi kwa hiari yao, wakatoka wanang'aa. Hoja inasema: badilisheni macho yenu badala ya kumchoma sindano mwenzenu.

Nakubali, na ninatamani iwe hivyo. Lakini heshima ya mwanamke wa Kajiado imo kwa wale wanaomtazama, na dada yangu anatazamwa na abiria, na wazazi wa wanafunzi, na wanachama wa chama chake. Macho yao hayatabadilika kabla hajastaafu. Tena kuna jambo dogo ambalo sisi wa Jordan hatuwezi kuliona mpaka tuonyeshwe. Msichana anayenyoa kwa hiari ana vinyweleo vyake vyote. Baada ya siku tatu kichwa kizima kina kivuli kimoja. Dada yangu akinyoa, kivuli kitaota nyuma na katikati, na ule ukanda wa mbele utabaki unang'aa peke yake. Kunyoa kutauanika mbele ya watu.

Kwa hiyo nikamsindikiza kwenye kliniki moja ya Kilimani, bado nikiwa na kicheko changu mfukoni. Kilichonishangaza ni kwamba kitabibu hoja yake ya kupandikiza ina nguvu kuliko ya vijana wengi wanaokimbilia Istanbul. Upara wangu unaendelea. Wa kwake umesababishwa na jambo linaloweza kukomeshwa. Kisogo chake kimejaa. Eneo linalohitaji kufunikwa ni ukanda mwembamba, si uwanja. Na nywele za kipilipili, ambazo tumefundishwa kuzionea haya, hapa ndizo zenye faida: kwa kujikunja kwake, chache hufunika ngozi kubwa, na weusi wa nywele hauachani sana na rangi ya kichwa.

Hasara zipo, na daktari alizitaja kabla ya bei, jambo lililonifanya nimwamini. Mkunjo ule ule unaendelea chini ya ngozi. Mzizi umepinda kama ndoana, na mkono usiozoea nywele zetu huukata wakati wa kuuchomoa, ukafa. Kisha kuna keloidi, yale makovu yanayovimba na kupita mipaka ya jeraha, ambayo ngozi nyeusi huyapata zaidi. Alimuuliza kama alipotoboa masikio paliwahi kuvimba. Hapakuvimba. Hata hivyo alisema angeanza na vipandikizi vichache vya kujaribia, aone ngozi inavyopona. Na kama upara ungekuwa ule wa utosini unaoacha kovu, angemkatalia mpaka ugonjwa utulie, kwa sababu ukiwa bado hai hula pia kilichopandwa.

Kisha akakataa kumpangia tarehe. "Mama, kwanza uache kuvuta nywele. Mwaka mmoja. Hakuna matuta ya kubana, hakuna kushonea, hakuna dawa. Tuone zipi zitarudi zenyewe, maana mzizi ambao haujafa hauhitaji mimi."

Huo ni ushauri ambao ningempa pia kijana wa miaka 24, ingawa kwa sababu tofauti: wewe bado hujui kipara chako kitaishia wapi, na ghala ulilo nalo ni moja. Nyoa kwanza. Ukifika 35 na bado kinakunyima usingizi, nenda, nami sitacheka.

Dada yangu yuko mwezi wa saba. Upande wa kulia pameota vinywele laini, vifupi, ambavyo huvigusa akidhani hatumwoni. Kushoto bado ni kiganja. Ameomba mkopo kwenye sacco ya walimu, akaniletea fomu ya mdhamini, mimi mwenye kipara cha shilingi 150. Nimeandika jina, nambari ya kitambulisho na sahihi. Tarehe sijaijaza, kwa sababu bado miezi mitano.