Queen: tunapenda nyimbo au tunapenda hadithi ya Freddie?

Mwaka 2024 vyombo vya habari viliripoti kwamba Sony imekubali kununua nyimbo za Queen kwa takriban pauni bilioni moja. Bendi hiyo iliundwa London mwaka 1970, na mwimbaji wake, Freddie Mercury, alifariki Novemba 1991. Asiyejali muziki wa roki ana haki ya kuuliza: fedha zote hizo ni za nini hasa?

Wenye shaka hujibu kwamba kinachouzwa ni hadithi, na hoja yao ina uzito. Freddie alipofariki, "Bohemian Rhapsody" ya mwaka 1975 ilirudi kileleni mwa chati za Uingereza. Filamu ya 2018 kuhusu bendi hiyo ikaleta mashabiki ambao hawakuwa hata wamezaliwa wakati ule. Tena filamu yenyewe imeipinda historia: inaonyesha bendi imesambaratika kabla ya Live Aid, tamasha la hisani la Julai 1985, ilhali miezi michache nyuma walikuwa ziarani pamoja. Sun City, kituo cha starehe, haimo kabisa. Mwaka 1984 Queen walikwenda kupiga huko, katika Afrika Kusini ya makaburu, wakati Umoja wa Mataifa umewataka wasanii waisusie nchi hiyo. Kwetu Waafrika hilo si jambo la pembeni, lakini hadithi inayouzika imelipitia mbali.

Hata Zanzibar, alikozaliwa mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, Freddie ni hadithi kuliko sauti. Mji Mkongwe una makumbusho yake, yaliyofunguliwa 2019, na wageni hupiga picha mlangoni. Mwaka 2006 sherehe ya kuadhimisha miaka 60 tangu azaliwe ilifutwa baada ya Uamsho, kundi la Kiislamu la huko, kuipinga kwa hoja za dini. Walioitaka na walioikataa walikuwa wakimgombania mtu. Nyimbo hazikuwamo katika ugomvi huo.

Nikifika hapo nakaribia kukubaliana na wenye shaka. Kinachonizuia ni "We Will Rock You".

Brian May, mpiga gitaa, amesimulia kwamba baada ya onyesho moja watazamaji hawakutawanyika, bali waliwaimbia wanamuziki wimbo wa mashabiki wa mpira. Akajiuliza watu waliobanana wamesimama wanaweza kufanya nini. Wanaweza kukanyaga chini, kupiga makofi na kuimba. Wimbo huo wa 1977 umejengwa juu ya hayo matatu: mguu, mguu, kofi, halafu nafasi tupu. Hakuna seti ya ngoma, hakuna besi. Studioni walikanyaga mbao na kurekodi tena na tena hadi ikasikika kama uwanja umejaa, na gitaa linasubiri hadi karibu na mwisho ndipo liingie. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya kazi imeachiwa msikilizaji. Matangazo yanaweza kukuuzia tiketi, lakini hayawezi kuufanya uwanja mzima upige kofi moja kwa wakati mmoja bila kuambiwa.

"Bohemian Rhapsody" ni kinyume chake: karibu dakika sita, haina kiitikio, katikati kuna opera na "Bismillah" ndani yake. Waliojua biashara walisema redio hazitaupiga wimbo mrefu hivyo. Ulikaa namba moja Uingereza wiki tisa, na kifo cha Freddie kilikuwa bado miaka 16 mbele. Hadithi gani iliubeba wakati ule?

Ni kweli kwamba mapenzi haya ni membamba. Wengi wanaosema wanaipenda Queen wanaupenda mkusanyiko wa nyimbo zao maarufu wa 1981, albamu iliyouzwa kuliko zote Uingereza. Watajie albamu yao ya Hot Space ya 1982 uone watakavyobadilisha mazungumzo, na siwalaumu. Lakini hilo nalihesabu upande wa nyimbo, kwa kuwa aliyependa hadithi angekumbatia kila kitu. Hawa wanachagua kwa masikio.

Ushahidi ninaouamini zaidi ni John Deacon, mpiga besi. Mtu mkimya, aliyejitenga na jukwaa tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na hakuna anayesafiri kwenda kupiga picha mlangoni alikozaliwa. Ndiye aliyetunga "Another One Bites the Dust" ya 1980, iliyoshika namba moja Marekani, wimbo unaotambulika kwa besi yake kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Wengi wanaoucheza wangepishana naye barabarani bila kugeuka.