Bima ni ya gari au ya dereva? Mzigo wa anayeendesha gari la kuazima

Anayeazima gari Dar es Salaam au Mombasa huuliza kama lina mafuta na kama breki zinashika. Akiwa mwangalifu zaidi ataongeza: "Lina bima?" Akijibiwa ndiyo, anapokea funguo na kuondoka. Kwa Afrika Mashariki swali hilo halijakosewa sana, ila halijakamilika. Uingereza, ambako Waswahili wengi wanaishi na kuazimana magari kama walivyozoea nyumbani, swali lenyewe si hilo. Huko gari linaweza kuwa na bima kamili iliyolipiwa mwaka mzima, na wewe uliyekaa kwenye usukani ukawa huna bima hata kidogo.

Ajabu ni kwamba sheria zenyewe zinafanana. Sheria za bima ya magari, Sura ya 169 ya Tanzania na Sura ya 405 ya Kenya, zina umbo lile lile la sheria ya Uingereza ya mwaka 1930: ni kosa kutumia gari barabarani bila bima inayomhusu mtumiaji, na ni kosa vilevile kusababisha au kumruhusu mtu mwingine alitumie hivyo. Tofauti iko kwenye hati zinazouzwa. Hati ya kawaida ya huku kwetu inamkinga mwenye bima na mtu yeyote anayeendesha kwa ruhusa yake, mradi ana leseni na hajafungiwa kuendesha. Bima inalifuata gari. Uingereza hati nyingi hutaja madereva kwa majina, na asiyetajwa hayumo. Bima inamfuata mtu.

Sasa, hata huku kwetu "lina bima" huwa na matundu yake. La kwanza ni tarehe. Tanzania imeingia kwenye stika za kielektroniki, kwa hiyo karatasi ya zamani iliyobaki kwenye kioo haithibitishi chochote; kinachothibitisha ni kuingiza namba ya gari kwenye TIRA-MIS, mfumo wa mamlaka ya bima, na kusoma siku ya mwisho. La pili ni matumizi. Gari lililokatiwa bima ya binafsi likiazimwa na mtu akaanza kubeba abiria wa kulipa, hati haikuandikwa kwa ajili ya kazi hiyo. La tatu ni leseni: mwenye daraja D haruhusiwi gari la biashara, na leseni iliyofutwa na mahakama haiponi kwa sababu mwenye gari alisema "chukua tu". La nne husahaulika zaidi: gari lililouzwa juzi, bima bado ina jina la mwenye zamani. Aliyenunua anapomwazima rafiki yake, ruhusa anayoitoa si ya mtu aliyeandikwa kwenye hati.

Kuna tofauti kubwa kati ya bima iliyokufa na bima iliyokiukwa. Ikiwa ipo lakini dereva amevunja sharti, sheria hizi kwa sehemu kubwa humlinda aliyegongwa: kampuni inaweza kulazimika kumlipa, kisha ikamgeukia mwenye bima au dereva kudai fedha zake. Ikiwa haipo kabisa, hakuna kampuni ya kuigeukia. Majeruhi mwenye PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) mkononi anamtazama dereva, na dereva anatazama mshahara wake. Kenya hata penye bima kuna kikomo: Sura ya 405 inailazimisha kampuni kulipa hadi Sh. 3,000,000 kwa dai moja, na mahakama ikitoa zaidi, ziada inawarudia waliosababisha.

Watu hulipuuza jambo hili kwa sababu hesabu ya barabarani inadanganya. Bima ndogo, ya kumfidia unayemgonga tu, kwa gari la binafsi Tanzania imekuwa Sh. 100,000, na kodi ya VAT inaifikisha 118,000. Faini ya trafiki ya papo kwa papo imekuwa kwa miaka mingi Sh. 30,000 kwa kosa. Mtu anayefikiria faini peke yake atasema ni nafuu kukamatwa mara tatu kuliko kukata bima, na kwa hesabu hiyo hajakosea. Amekosea kwa kuwa faini ndiyo sehemu ndogo kuliko zote. Tena bima ndogo hailitengenezi gari lenyewe uliloazima. Ukiligonga, ubavu wa gari ni deni kati yako na mwenyewe. Bima kubwa kwa gari la Sh. 20,000,000, kwa kiwango cha asilimia 3.5, ni 700,000 kabla ya kodi, na ndiyo maana magari mengi yanayoazimwa mitaani hayana.

Je, ni haki kumhukumu aliyeazima bila kujua? Upande wake una nguvu. Alimwamini ndugu yake, stika aliiona, na hakuna anayemwomba shemeji yake hati ya bima bila kuonekana ana dharau. Lakini sheria ya Uingereza ilimfikiria mtu huyu kabla, ikamkatalia kwa makusudi. Inamsamehe mfanyakazi aliyeendesha gari la mwajiri wake kazini bila kujua wala kuwa na sababu ya kudhani kwamba halina bima. Kisha inasema msamaha huo haumhusu aliyekodi wala aliyeazima. Kisichohitajika kuthibitishwa hapo ni nia. Mahakama inaweza kumpunguzia adhabu, isimwekee pointi za adhabu kwenye leseni, akionyesha kwamba alipotoshwa na mtu aliyekuwa na haki ya kumwamini, lakini kosa linabaki kuwa kosa.

Ukali huo unaonekana wa kikatili mpaka ukae upande wa pili wa barabara. Aliyevunjika mguu hakuwa na nafasi ya kukagua hati ya mtu yeyote. Kati ya watu watatu, yaani mwenye gari, aliyeazima na aliyegongwa, ni wawili wa kwanza tu walioweza kuuliza. Kwa hilo naona sheria iko sawa. Ninachopinga ni mazoea ya kumkamata aliye kwenye usukani na kumwacha mwenye gari aende zake.

Maana mwenye gari naye ana hoja: "Nimemwazima tu, aliyegonga ni yeye." Hoja hiyo imewahi kushinda. Katika kesi ya Morgans v Launchbury, mwaka 1972, mke alikuwa na Jaguar, mume akaenda nayo kunywa, akampa rafiki aiendeshe, ikatokea ajali. Mahakama ya juu ya Uingereza ikasema ruhusa peke yake haimfanyi mwenye gari awajibike kwa uzembe wa dereva, mpaka dereva awe anatumika kwa shughuli yake. Lakini gari lile lilikuwa na bima. Pasipo bima kuna Monk v Warbey ya 1935: Warbey aliazimisha gari kwa mtu ambaye hati haikumhusu, dereva hakuwa na uwezo wa kulipa, na Warbey akaamriwa kumfidia majeruhi. Hakulipia uzembe wa dereva. Alilipia kosa lake mwenyewe la kuruhusu. Afrika Mashariki mwenye gari anaanzia nyuma zaidi, kwa sababu tangu Karisa v Solanki ya 1969 mahakama hudhania kwamba aliyeendesha alikuwa mtu ambaye mwenye gari anawajibika kwa ajili yake, mpaka ushahidi wa kinyume utolewe.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Gari la kuazima Uingereza nalo halisitiri leseni. Adhabu ya papo kwa papo ni pauni 300 na pointi 6. Kesi ikifika mahakamani faini haina ukomo, na leseni inaweza kufungiwa. Anayeumia zaidi ni mgeni aliyepata leseni ya Uingereza karibuni: pointi 6 ndani ya miaka miwili ya kwanza huifuta, naye anaanza upya na leseni ya kujifunzia. Alama ya IN10, ya kuendesha bila bima, hukaa kwenye kumbukumbu miaka 4 na kupandisha bei ya bima yake. Mwenye gari ana alama yake, IN14, ya kuruhusu. Gari hukokotwa, halitoki mpaka gharama zilipwe na bima inayofaa ionyeshwe, na bima nyingi za siku moja hazikubaliwi kulikomboa. Majeruhi atalipwa, ama na kampuni ya bima ya gari lile ama na MIB, mfuko wa kampuni za bima ulioanzishwa 1946, lakini atakayelipa humtafuta dereva, na kampuni inaweza kumdai pia mwenye gari aliyeruhusu.

Wengine hutegemea kipengele cha kuendesha magari ya wengine kilicho kwenye bima zao. Kisome kabla. Mara nyingi hupewa mwenye bima peke yake, mara nyingi akiwa amepita miaka 25, kinafidia mtu wa tatu tu, na huweza kudai gari lile liwe na bima yake lenyewe. Kukagua namba ya gari kwenye hifadhidata ya Uingereza kutakuambia gari lina bima. Hakutakuambia kama wewe umo. Bima ya saa au ya siku kwa jina lako ndiyo njia fupi.

Ajali ikishatokea, kosa linaloharibu kila kitu ni kubadilishana viti, mwenye gari aseme alikuwa yeye. Mahali viti viliposogezwa, kamera, simu na mashahidi huwaumbua, na jambo lililokuwa la faini linageuka udanganyifu. Uingereza linaweza kuwapeleka wote wawili jela.

Kwa anayeazimisha, kuna mlango mmoja mdogo. Katika Newbury v Davis ya 1974 mwenye gari aliachiwa kwa sababu alitoa gari kwa sharti kwamba aliyeazima akate bima kwanza, naye hakukata. Ruhusa yenye sharti lisilotimizwa haikuhesabiwa kuwa ruhusa. Mahakama baadaye ziliubana mlango huo: sharti lazima limfikie moja kwa moja yule atakayeendesha. Kwa hiyo liandike kwenye ujumbe wa simu, kwa dereva mwenyewe, kabla hujatoa funguo.