Msiniambie nijikaze

Ngazi za kwetu ni kumi na nane. Mwaka jana nilizipanda na ndoo ya maji kichwani, nikiongea na jirani. Siku hizi nikifika ya tisa nakaa chini. Moyo unadunda mpaka nausikia masikioni, na ndoo imebaki kule chini, ataipandisha mwanangu wa darasa la sita akitoka shule, kwa vidumu vidogo vidogo.

Nina uvimbe kwenye kizazi. Kila mwezi natokwa na damu siku tisa, kumi. Nilipopimwa, wekundu wa damu (himoglobini) ulikuwa 6.8, na mwanamke asiye mjamzito akiwa chini ya 12 tayari ana upungufu wa damu. Daktari hakutaka hata kunipangia tarehe ya upasuaji. Kwanza damu ipande, alisema, angalau ifike 10, kwa sababu kwenye chumba cha upasuaji nako nitapoteza nyingine. Kwa hiyo nasubiri.

Na katika kusubiri huku, neno ninaloambiwa kuliko yote ni "jikaze". Wifi yangu, ambaye ananipenda na kila wiki haachi kuja na mboga, aliniuliza, "Dada, mbona mama zetu walilima hivyohivyo?" Walilima, ndiyo. Na wengine walianguka shambani tukawaita wavivu. Wekundu wa damu ndio unaobeba oksijeni kwenda kwenye misuli na ubongo. Ukipungua karibu nusu, moyo hukimbia ili hicho kidogo kizunguke haraka. Sasa mtu wa namna hiyo ajikaze kwa nguvu ipi?

Mimi najiendesha kama nyumba ambayo LUKU imebakiza uniti tatu za umeme. Hakuna anayepiga pasi hapo. Nikijua leo nina safari ya kliniki, sifui, na ugali utapikwa na mwingine. Kumenya vitunguu nakaa kwenye kigoda. Siku ya kuosha nywele haiwi siku ya sokoni. Mwanzoni niliona aibu kusema "leo siwezi" kabla ya kuanguka. Sasa nasema mapema, tena asubuhi, ili watu wajipange.

Kuna jambo lilinichelewesha sana. Nilikuwa natafuna udongo ule uitwao pemba, vipande vinne vitano kwa siku, nikidhani ni uroho tu. Kumbe hamu ile yenyewe mara nyingi ni dalili ya kukosa madini ya chuma, na udongo nao huzuia mwili kuyanyonya. Chai hivyohivyo: nilikuwa nameza vidonge vya kuongeza damu kwa chai ya rangi! Sasa nameza kwa maji, nakula na chungwa, na chai inasubiri muda wa saa mbili nzima. Choo kinakuwa cheusi, ni vidonge, usishtuke. Juisi ya rozela naipenda, ila wekundu wake si wekundu wa damu. Msimwachishe mgonjwa vidonge kwa ajili yake.

Kipimo cha wiki iliyopita kimesoma 8.4. Jumamosi binamu yangu anaolewa, na ukumbi uko ghorofani. Mchango nimetuma, sare nimempa wifi aivae. Mimi nitalala.