Ngozi kavu ya mtoto na chakula kinachosingiziwa

Mtoto akitoka ukurutu mashavuni hapa Mombasa, cha kwanza kushukiwa ni chakula. Mama anayenyonyesha huambiwa aache samaki na mayai, na mtoto akishatimiza miezi sita, yai na njugu huwekwa mbali naye. Hofu hiyo ina msingi: wapo watoto wanaodhurika na yai kweli, na mzio (aleji) wa chakula waweza kuua. Ila utafiti wa miaka 20 hivi iliyopita umeligeuza swali: huenda ngozi ndiyo inayoanza, mzio ukafuata.

Ngozi yenye ukurutu ni kama paa la makuti yaliyochakaa. Unyevu hutoka, na vya nje huingia. Chembe za njugu zilizo mikononi mwetu na kwenye matandiko zikipenya hapo, kinga ya mwili huzichukulia kuwa adui. Zikipitia tumboni mapema, mwili huzizoea. Mwaka 2003 daktari wa mzio Gideon Lack na wenzake, Uingereza, waliona mzio wa njugu ukihusiana na krimu zenye mafuta ya njugu walizopakwa watoto wenye vipele. Huko Melbourne, Australia, watoto waliokuwa na ukurutu walionekana kuwa na uwezekano mara 11 zaidi wa kupata mzio wa njugu kufikia mwaka mmoja, na mara 6 wa mzio wa yai. Kisha mwaka 2015 Lack akaonyesha, kwa watoto 640 waliokuwa hatarini, kwamba kula njugu mapema kulipunguza mzio huo kwa takriban asilimia 80.

Basi tuwapake mafuta tu, yaishe? Hapo hoja inakwama. Mwaka 2020, katika utafiti wa Uingereza wa watoto zaidi ya 1,300, kuwapaka nusu yao krimu ya kulainisha kila siku kwa mwaka mzima hakukuzuia ukurutu, na maambukizi ya ngozi yaliongezeka kidogo. Japani, mwaka 2023, kuutibu ukurutu mapema na kwa bidii zaidi, kwa dawa za steroidi za kupaka (za kutuliza uvimbe), kulipunguza mzio wa yai kutoka watoto 42 hivi kwa kila 100 hadi 31. Lakini uzito wa watoto hao uliongezeka pungufu kidogo ya ule wa wenzao. Kwangu mimi, hili ndilo la kushika: ukavu peke yake si tatizo, tatizo ni ngozi iliyovimba na kuchubuka. Kichanga kinachobambuka siku za mwanzo hakiumwi.

Tafiti hizi nyingi ni za mbali. Hitilafu ya kijeni inayodhoofisha ngozi za Wazungu wengi ni nadra kwa Waafrika, kwa hiyo takwimu zao hatuwezi kuzibeba nzima nzima.

Hata hivyo yapo ya kutazama majumbani mwetu. Bibi akimkanda mjukuu, humimina mafuta ya nazi au ya ufuta kiganjani, akayapasha joto kwa kusugua mikono, akaanzia miguuni. Sioni sababu ya kuuvunja mkando huo kwa mtoto mwenye ngozi nzima. Pale palipochubuka, nyuma ya goti na nyuma ya masikio, ningeacha mafuta ya ufuta na ya njugu, nikatumia mafuta ya mgando, kwa mikono iliyonawa kwanza. Na ngozi yetu nyeusi ikivimba haiwi nyekundu. Hugeuka kijivu au nyeusi zaidi, ikafanya vipele vidogo vya kukwaruza. Wengi huchelewa kwenda kliniki kwa kungoja wekundu.

Mtoto mwenye ukurutu mkali aonwe na daktari kabla ya kuonjeshwa njugu. Wengine, baada ya miezi sita ya kunyonya, wapewe yai lililoiva vizuri na njugu zilizosagwa laini ndani ya uji, kidogo kidogo, wala si njugu nzima, maana humpalia. Midomo ikivimba, akitapika mfululizo au pumzi ikimbana, apelekwe hospitali hapo hapo.