Noah Yangu Inaitwa Kaliente

Mdomo wangu haujui kupumzika. Ukipanda kiti cha mbele kwenye Noah yangu pale Tukuyu, tukifika Kiwira nimeshajua shamba lako lina migomba mingapi na kwa nini hukwenda kwenye msiba wa shemeji yako. Mke wangu husema siku nikifa nitaanza kumsalimia aliyezikwa kaburi la jirani.

Na stendi muda upo. Gari haiondoki mpaka ijae. Wenzangu wanacheza drafti, mimi nikaingiza programu ya kujifunza lugha kwenye simu. Kiingereza kila mtu anakivunja, Kichina kina watu wake, nikachagua Kihispania. Kitamu, jamani. A, e, i, o, u zao ndizo zetu. Meza wanaiita mesa, bendera ni bandera. Najua sisi tuliyatoa kwa Wareno, lakini Mreno na Mhispania ni majirani, wanaazimana chumvi. Nikawatangazia wenzangu kwamba Kihispania ni lugha rasmi katika nchi 20, na moja iko hapahapa Afrika, Guinea ya Ikweta. Mmoja akaniuliza kama huko Guinea kuna abiria wa kuja Tukuyu.

Miezi mitatu nikawa nazungumza na simu. Ikafika Juni, ile baridi ya Tukuyu isiyo na adabu, ukungu unaingia mpaka kwenye sufuria. Nikawaona sokoni: mama mmoja mtu mzima, kichwa cheupe kama pamba, na binti yake na mkwe wake. Bibi ameshika parachichi analibonyeza, anamwambia binti, “aguacate”. Moyo wangu ukaruka. Nimelipata neno, na wenyewe wako mbele yangu!

Sasa kwetu Unyakyusa salamu ni “ugonile”, yaani umelala. Hata saa kumi jioni unaulizwa umelalaje. Nikaona heshima ni heshima, nikavua kofia.

“Buenas tardes, señora. ¿Durmió bien?”

Bibi akatazama saa yake. Kisha akanitazama mimi. Akajibu taratibu kwamba ndiyo, amelala vizuri, ahsante. Ningeishia hapo ningekuwa mtu na heshima zangu. Lakini salamu ya Kinyakyusa haiishi juu juu, nikaendelea: na nyumbani? Na watoto? Na ng'ombe? “¿Y las vacas?”

Akaanza kucheka. Akaniambia anatoka Zaragoza, mji wa kule Hispania, ng'ombe hana, ana balcón. Balkoni! Hilo nalo nikalielewa bila msaada. Nikampa pole ya ng'ombe na hongera ya balkoni. Dakika kumi baadaye nilikuwa nimeshawauzia safari ya kwenda Ziwa Ngozi, nauli tumeshapatana, na wauza nyanya wamesimama kunitazama kama balozi. Mpwa wangu, ambaye ndiye kondakta wangu, akaninong'oneza, “Anko, wewe ni noma.”

Kosa nililifanya hapo, kwenye sifa.

Nilitaka tuondoke kesho yake saa mbili asubuhi. Kesho ni mañana. Asubuhi nayo ni mañana. Mbili ni dos. Nikaipanga sentensi kichwani kama matofali, nikaitoa kwa sauti ili hata wauza nyanya wasikie: “¡Mañana, a las dos de la mañana!”

Watu watatu wakatazamana. Binti akauliza, “¿De la madrugada?” Hilo neno kwenye simu nilikuwa sijalifikia. Kwa jinsi alivyokunja paji la uso, nikadhani ananisifia. Nikajibu, “Sí, sí, madrugada.” Akauliza tena kitu chenye “amanecer” ndani yake. Nikaitikia hicho nacho. Mkwe akainua mabega, wakakubali.

Wewe unayesoma umeshaliona. Madrugada ni usiku wa manane kuelekea alfajiri, na amanecer ni mapambazuko. Mzungu siku yake inaanza katikati ya usiku, kwa hiyo mbili yao ya asubuhi ni nane yetu ya usiku. Mimi mwenyewe najua! Saa ya kwenye simu yangu inasema 8 na mimi nasema mbili kila siku ya Mungu. Ila ukiwa unasifiwa na wauza nyanya, hesabu ya kuongeza sita inatoka wapi?

Simu ikaita nimezama usingizini, mablanketi mawili. Ni mlinzi wa nyumba ya wageni.

“Kaka dereva, wageni wako wako getini na mabegi. Nilitaka kupiga filimbi, nikajua wezi.”

“Saa hizi?”

“Wanasema wewe ndiye uliyewaambia. Mmoja ananionyesha vidole viwili.”

Vidole viwili. Hapo ndipo sita yangu iliponirudia. Nikaruka, nikavaa suruali ya jana na koti la mtumba, nikamwamsha mpwa. Mke wangu akauliza naenda wapi. Nikamjibu naenda Zaragoza.

Tukafika saa nane na nusu. Mlinzi alikuwa amewasogezea jiko la mkaa, wamekaa juu ya mabegi wanakula viazi vya kuchoma, na yeye, asiyejua hata hola, anamweleza bibi habari za wajukuu zake kwa vidole, huyu mkubwa, huyu mdogo, huyu ana meno mawili. Bibi anaitikia kwa kichwa. Meno yanagongana kwa baridi.

Nikashuka. Nilikuwa nimeandaa njia nzima namna ya kuomba radhi, “perdón, señora”, nimeirudia kama sala. Lakini mdomo una mazoea yake. Ukafunguka ukasema:

“¿Durmió bien?”

Hakunijibu.

Nikaona maneno yameshindwa, nifanye tendo. Nimpe koti langu. Nikaanza kufungua vifungo, na nikataka kumtoa wasiwasi: asiogope, yeye ana baridi, mimi nina joto la kutosha. Simu ilinifundisha kwamba chai ya moto ni caliente. Nikamwinamia, koti nusu limevuka bega, gizani, saa nane na nusu usiku, nikamwambia yule mama wa watu kwa upole wote nilionao:

“Señora, yo estoy caliente.”

Mkwe akasimama, kiazi mkononi, akajiweka katikati yetu. Mlinzi naye, bila kujua linaloendelea, akachukua rungu, maana aliona sura ya mkwe imebadilika. Mimi nikadhani hawajasikia, nikarudia kwa sauti zaidi. “¡Muy caliente!”

Binti ndiye aliyeniokoa. Alicheka mpaka akashindwa kukaa kwenye begi. Akachukua simu yake, akaandika, akanionyesha tafsiri. Ndugu zangu, mtu anayesikia joto anasema “tengo calor”. Chai inaweza kuwa caliente. Mtu mzima akijitangaza kuwa caliente, basi ana hamu ya mambo ya chumbani. Nikalifunga lile koti vifungo vyote, mpaka cha shingoni.

Bibi alipotafsiriwa nia yangu, akanyoosha mkono, akasema nilete hilo koti. Akalivaa. Tulienda Ngozi saa mbili, ile ya kwetu, na akashuka nalo mlimani likiwa na tope mpaka kwenye kola.

Ningeweza kuyafukia haya yote, ila mpwa wangu alikuwepo. Hakuelewa maana, alipenda mlio tu. Wiki ile ile gari ilipokwenda kuoshwa, akamlipa kijana wa stika. Nimeipokea Noah yangu imeandikwa kioo cha nyuma, herufi nyekundu zenye miali ya moto: KALIENTE.

Mke wangu aliuliza ni nini hicho. Nikamwambia ni Kihispania, maana yake Mungu ni Mwema. Akafurahi, akamwambia mchungaji. Na mchungaji naye amelipenda, anauliza linaandikwaje, kwa sababu kwaya inashona fulana mpya.